Unamchukia kanjo? Pigania saa zake za kulala

Najua tayari umekunja uso. Tao ina watu wachache wanaochukiwa kama askari wa kanjo. Mtaje tu mbele ya msee anayeuza soksi Tom Mboya, au mama anayepanga maparachichi nje ya Muthurwa, utasikia matusi ambayo mhariri wangu hawezi kuyapitisha. Na siwalaumu. Wengi wetu tumekimbizwa, au tumemwona mtu wetu akikimbizwa, mali ikarushwa ndani ya gari na kurudi nusu, kama ilirudi. Kwa hivyo sikuandikii ili umhurumie mtu mwenye rungu. Nakuandikia kuhusu saa zake za kazi, maana hizo saa zinakugusa wewe kuliko unavyodhani.

Swali lenyewe ni hili: sheria inasema askari wa kaunti afanye kazi kwa muda gani?

Uliza watu kumi mtaani, tisa watakwambia masaa manane kwa siku. "Si ndiyo sheria?" Zii. Fungua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27. Utakuta mwajiri anatakiwa kupanga saa za kazi kwa mujibu wa sheria hiyo na sheria nyingine zilizoandikwa, na kwamba mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Basi. Nambari nane haimo. Hakuna nambari yoyote ya saa.

Nambari zimekaa kwingine, kwenye agizo la mishahara ambalo sijawahi kuona mtu akilisoma kwa hiari. Humo ndimo kuna saa 52 kwa wiki, zikigawanywa kwa siku sita. Hiyo ni kwa mfanyakazi wa kawaida wa mchana. Wa usiku amewekewa saa 60.

Soma tena hapo. Anayekesha amewekewa wiki ndefu kuliko anayelala. Mtu ambaye mwili wake unapigana na giza, anayerudi kwa keja asubuhi watoto wa ploti wakianza kupiga kelele na jirani akifungulia redio, ndiye sheria imemwona anaweza kuongezewa saa nane juu. Mimi sijui aliyeandika hiyo alikuwa amelala saa ngapi, lakini nina hakika aliandika mchana.

Halafu kuna saa za ziada. Agizo hilohilo linasema ukijumlisha saa za kawaida na za ziada, katika wiki mbili zinazofuatana wa mchana asipite saa 116, na wa usiku asipite 144. Toa simu ufanye hesabu. 144 ukigawa kwa mbili ni 72. Na 72 ni masaa kumi na mawili mara siku sita. Yaani ile zamu ya saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, ambayo sote tulidhani ni uvunjaji wa sheria, inaingia ndani ya sheria barabara kama kidole kwenye pete, mradi zile saa 12 za juu zilipwe mara moja na nusu. Mchana ndiko haiingii. Wiki mbili za mchana za namna hiyo ni saa 144, na mpaka ni 116.

Sasa turudi kwa mtu wetu. Mtaani sare zote tunaziweka kwenye kikapu kimoja, karao, bawabu na kanjo, lakini mbele ya sheria ni watu watatu tofauti kabisa.

Karao ametolewa nje ya Sheria ya Ajira moja kwa moja, yeye pamoja na wanajeshi na askari jela. Katiba yenyewe, kwenye kifungu cha 24, inaruhusu sheria kupunguza haki fulani kwa walio katika jeshi na katika Huduma ya Taifa ya Polisi, na kati ya haki hizo ni ile ya kifungu cha 41 kuhusu kazi. Sheria yao humhesabu afisa kuwa kazini wakati wowote anapohitajika. Unaweza kubishana na hilo (mimi hubishana), lakini angalau limeandikwa na watu wanalijua kabla ya kwenda kupimwa kifua uwanjani.

Bawabu wa kampuni ya ulinzi ana agizo lake la mishahara, nalo pia linataja saa 52 kwa siku sita. Kama linafuatwa au la, ongea na yule anayekufungulia lango ukitoka sherehe usiku wa manane.

Kanjo yuko wapi? Kanjo si jeshi. Kanjo si Huduma ya Taifa ya Polisi. Hayumo kwenye ile orodha ya waliotolewa nje ya Sheria ya Ajira, wala Katiba haikumtaja pale inaporuhusu haki za kazi zipunguzwe. Ni mfanyakazi wa kaunti kama karani wa maegesho na mfagiaji wa barabara, na ana chama cha wafanyakazi kama wao. Kifungu cha 41 kinachosema kila mfanyakazi ana haki ya mazingira ya kazi yanayofaa ni chake chote, bila kukatwa hata kipande.

Lakini angalia anavyoendeshwa. Gwaride, saluti, amri. Wakubwa wanapenda neno "nidhamu". Ukimwita askari kila siku, siku moja unaanza kumpangia saa kama askari.

Kwa ploti yetu kuna mmoja, na kaunti yake nitaiacha bila jina kwa sababu bado anaitegemea kwa unga. Huamka saa tisa za usiku. Gwaride ni saa kumi na moja alfajiri. Kumaliza ni pale "oparesheni" itakapomalizika, na oparesheni haina saa. Kuna wiki humwoni kabisa, unaona tu viatu mlangoni. Nilimuuliza mkataba wake unasemaje kuhusu saa. Akacheka, akanionyesha: saa za kazi zitapangwa kulingana na mahitaji ya huduma. Mstari mmoja. Na bado Sheria ya Ajira, kifungu cha 10, inataka mkataba wa maandishi utaje saa za kazi. Kutaja ni kutaja. "Kulingana na mahitaji" ni kama kumwambia mwenye nyumba utalipa kodi kulingana na mfuko, uone kama utapewa ufunguo.

Linganisha na ofisi za serikali. Kawaida yake ni saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa nane hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Hesabu, utapata saa 40. Mwajiri ni yuleyule. Aliyekaa chini ya kivuli anajua saa ya kufunga droo. Aliyesimama juani na rungu hajui.

Utasema, sasa mimi inanihusu nini? Akichoka si ni heri, atashindwa kunikimbiza.

Ndio maana nataka tuongee kuhusu uchovu, si kama kitu cha kuonea mtu huruma bali kama kitu cha hatari. Mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Waliwaweka watu macho, kisha wakawapima mkono na jicho zinavyofanya kazi pamoja, wakalinganisha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alikuwa anafanya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefikisha saa 24 alifanya kama mwenye 0.10. Nchi nyingi za Ulaya dereva akipatikana amepita 0.05 anashushwa kwenye gari.

Sasa chukua jirani yangu. Ameamka saa tisa za usiku. Ikifika saa mbili usiku, ule wakati tao imejaa na mahoka wametandaza kila kona kwa sababu watu wanatoka job, ana saa 17 macho. Hajaonja hata tone, ila kichwa chake kiko hapo kwenye 0.05. Mkononi ana rungu. Mbele yake kuna kijana wa miaka 20 anayeng'ang'ania mfuko wa viatu ambao ndio mtaji wake wote. Wewe ukiwa huyo kijana, ungependa uamuzi wa kupiga au kuacha ufanywe na kichwa cha aina gani?

Mimi naijua ile hali, bila rungu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilipata kazi ya usiku ghala moja, kupakia na kuhesabu maboksi, masaa kumi na mawili. Saa nne za kwanza wewe ni binadamu. Saa ya nane unaanza kuhesabu boksi moja mara mbili. Saa ya kumi unamchukia kila anayekuuliza swali, hata kama swali ni zuri na anauliza kwa adabu. Hakuna aliyenifunza chuki hiyo. Mwili uliitengeneza wenyewe, na ilikuwa inaisha nikilala. Maboksi hayana mbavu, bahati nzuri.

Na si kwamba Kenya haijawahi kufikiria jambo hili. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ndiyo, najua, dereva wa mathree unayepanda mangware ndiye unayemkuta usiku, na macho yake mekundu si ya muguka peke yake. Lakini sheria ipo. Bunge lilikaa likasema huyu mtu amebeba roho za watu, tumwekee mpaka wa saa. Kanjo hajabeba abiria, ila ana nguvu ya kukamata, kubeba mali na kukupeleka kortini. Mbona hapo hatukuona roho za watu?

Jibu utakaloambiwa ukiuliza ni kwamba usalama haulali. Jiji linahitaji ulinzi saa 24, kwa hivyo hauwezi kumwekea askari saa za karani. Hapa ndipo wengi huduwaa, maana inasikika kama ni kweli. Jiji halilali, sawa. Mtu hulala. Hivyo ni vitu viwili, na kinachoviunganisha ni idadi ya watu walioajiriwa.

Wiki ina saa 168. Kona moja ikihitaji askari mmoja muda wote, na kila askari afanye saa 40 kama wenzake wa ofisini, unahitaji watu wanne na kidogo. Weka likizo, magonjwa na siku za korti, sema watano. Ukitumia saa 52, unahitaji watatu na kidogo, sema wanne. Ukiwa na wawili tu, kila mmoja anafanya saa 84. Hakuna siri nyingine. Kaunti inapokwambia askari wake "wanajitolea", tafsiri yake ni kwamba kuna kona yenye watu wawili badala ya wanne, na wale wawili wanalipa tofauti kwa usingizi wao.

Wale wawili waliokosekana ni nani? Ni wewe. Ni mimi. Ni yule cousin wako mwenye cheti cha shule ya upili na miaka minne ya kupeleka bahasha za khaki. Saa za kazi zisizo na mpaka ni nafasi za kazi zilizofichwa ndani ya mwili wa mtu mwingine. Sisemi ukiweka mpaka kesho wataajiriwa watu elfu. Kaunti inaweza kuamua kupunguza kona, au kukaa bila kufanya chochote. Lakini ikishaandikwa kwamba mtu mmoja hapiti saa fulani, swali la "mna watu wangapi?" haliwezi tena kufunikwa na neno nidhamu.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi, na nitalisema kwa kuwa sina kazi ya kupoteza huko. Baadhi ya askari wenyewe hawataki saa zao zipunguzwe. Si mnajua kwa nini. Saa nyingi barabarani ni chai nyingi. Kila mchuuzi ni mia, kila bodaboda aliyeegesha vibaya ni mia mbili, na jioni ndiyo mavuno. Nimesikia watu wakitumia hili kama sababu ya kuwaacha: "Hao wanajilipa, wacha wachoke."

Mimi nalitumia kama sababu ya kinyume. Zamu isiyo na saa ndiyo kichaka cha hongo. Ukienda kulalamika kwamba ulipigwa na kuibiwa mali Accra Road saa moja jioni, jambo la kwanza utakaloulizwa ni jina la askari. Hulijui. Hawakuvaa namba, au walivaa jaketi juu. Kama hakuna ratiba inayosema nani alikuwa zamu hapo, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kesi yako imekufa kabla ya kuzaliwa. Lakini mahali ambapo saa zina mpaka wa kisheria lazima pawe na daftari la kuingia na kutoka, vinginevyo huo mpaka hauwezi kuthibitishwa. Na daftari linalomlinda askari asifanyishwe kazi saa 84 ndilo daftari litakalomtaja kwa jina siku amekuvunja mkono. Akikutwa ameshika mali ya mtu saa ambayo zamu yake iliisha, huyo si askari tena, ni mwizi aliyevaa sare, na mahakama itamwita hivyo.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameweka wastani wa saa 48 kwa wiki, saa za ziada zikiwa ndani yake, na saa 11 za kupumzika mfululizo katika kila siku. Polisi wana visa vyao vya dharura huko, lakini mlango wa dharura haukai wazi mwaka mzima. Kesi iliyonivutia ni ya mzimamoto wa mji wa Nivelles nchini Ubelgiji, anayeitwa Matzak. Alikuwa anatakiwa akae nyumbani tayari, akiitwa afike kituoni ndani ya dakika nane. Mji ukasema hiyo si kazi, yuko kwake. Mwezi Februari 2018 mahakama ya Ulaya ikasema ni saa za kazi, kwa sababu mtu aliyefungwa na dakika nane hawezi kufanya mambo yake. Nilipoisoma nilimfikiria jirani yangu na ile meseji ya Jumapili, "kaa karibu na simu". Siku yake ya mapumziko huipitisha akiwa amekaa karibu na simu. Hakuna anayeihesabu.

Sasa nani wa kushikwa shati? Viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya kitaifa, Katiba imesema kwenye Jedwali la Nne. Kwa hivyo ile aibu ya usiku kuwa mrefu kuliko mchana ni ya waziri wa leba na wabunge, na sioni kwa nini tungoje. Nambari iingie ndani ya sheria yenyewe, na ya usiku iwe ndogo. Lakini kaunti haina haja ya kusubiri Nairobi iamke, hata kama kaunti yenyewe ni Nairobi. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma. Bodi hiyo inaweza kuandika masharti ya askari wake kesho asubuhi: zamu ni masaa manane, dharura isipite kumi na mawili, kati ya zamu na zamu yapite saa 11, dharura iandikwe sababu na aliyeiamuru atie sahihi. Hiyo sahihi ndiyo ninayoitaka zaidi. Bosi akijua jina lake litabaki kwenye karatasi, utashangaa dharura zitakavyopungua.

"Hakuna pesa" utaisikia kabla hujamaliza sentensi. Labda hakuna. Basi kaunti iseme hadharani kwamba haina pesa za kulinda kona zote, ichague zipi, na iache kuazima usingizi wa watu bila riba. Na itueleze pia kwa nini oparesheni za kufukuza wauza njugu hazikosi mafuta ya gari.

Kama wewe ni mmoja wa wale watakaopeleka karatasi wakitangaza nafasi za askari wa kaunti, na najua ni wengi maana WhatsApp hujaa "tuma kwa anayehitaji", usisaini kabla ya kusoma mstari wa saa. Ukikuta "kulingana na mahitaji ya huduma", uliza nambari. Wakikuangalia vibaya, uliza tena mkiwa watatu.

Na kama hutaki hiyo sare hata bure, kuna mahali pengine. Kila kaunti hupeleka makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa wazee na watu waliobebwa na MCA, vijana hatuendi. Nenda huu mwaka. Usiulize kuhusu nidhamu ya askari, utapewa hotuba. Chagua kona moja, ile unayofukuzwa kila siku, na uulize ina askari wangapi kwa wiki nzima na kila mmoja analala saa ngapi.